Kona ya Kushoto Ni Goli

Mchezo ule wa mpira wa kwenye televisheni ulifika Mudzipela, mtaa mmoja wa Bunia, ukiwa mbichi. Walioutengeneza waliuuza kwanza, kisha wakaahidi kuumalizia polepole kwa marekebisho ya intaneti, kama fundi anayekukabidhi nyumba bila paa na kukuambia uhamie tu, mabati yako njiani. Na sisi tulihamia. Tuliuchezea katika chumba cha mama mmoja jirani na soko, mahali ambapo intaneti ya kuvuta marekebisho hayo hatukuwa nayo.

Ugonjwa mkubwa ulikuwa wa kipa. Kila kona ya kushoto ilipopigwa, aligeuka kuwatazama mashabiki, na mpira ukaingia. Siku nyingine mpira uliganda hewani kwenye mstari wa goli, nusura tupigane. Basi tukafanya kile tunachofanya Bunia tukipatwa na tatizo lolote: tukaunda komite. Kulikuwa na rais, makamu, washauri wawili, na mimi mwandishi. Niliandika sheria kwenye katoni, nikaibandika ukutani. Kifungu cha tatu kilisema kona ya kushoto ni goli, mpira uingie usiingie.

Nakiri kwamba bingwa wa kona za kushoto nilikuwa mimi mwenyewe. Mwalimu mzima, mwenye mke na daftari za kusahihisha! Lakini watu wa Saio, mtaa wangu, walinisalimia njiani kwa jina la "Champion", na nililipenda jina hilo kupita kiasi. Ningefanya lolote nisinyang'anywe.

Wiki ya fainali dhidi ya mtaa wa Bigo, mama akapata intaneti. Kwa furaha yake akaiacha mashine ivute marekebisho yote. Mpinzani wangu alikuwa mchimbaji wa dhahabu, mtu wa makamo, mpole, aliyekuja mapumziko kutoka machimboni. Kufikia mapumziko ya mechi alikuwa amenifunga matatu bila jibu. Nikapata kona yangu ya kushoto, nikaipiga nikitabasamu. Kipa akaruka, akaudaka mpira.

Niliona aibu, halafu nikakasirika. Nikainua mkono.

"Komite! Kifungu cha tatu!"

"Lakini kipa ameshika mupira," alisema mchimbaji. "Munaona wote."

Rais wetu akaisoma katoni polepole. "Mashine ndiyo imebadilika, ndugu. Règlement, sheria zetu, bado."

"Mise à jour, marekebisho siye tulingojea miezi yote," mama akafoka kutoka mlangoni. "Sasa iko hapa, munaikatala?"

Rais akaandika goli. Kuanzia hapo sikutafuta goli tena. Nilikuwa naupiga mpira makusudi kwenye miguu ya mabeki wake utoke nje upande wa kushoto, napiga kona, kipa anadaka, rais anaandika goli. Mwishoni televisheni ilisema nimefungwa matatu kwa sifuri, komite ikasema nimeshinda manne kwa matatu.

Mchimbaji akaweka manete yake ya kuchezea chini, akanipa mkono.

"Champion, miye nilitaka tu tucheze."

Wakanibeba mabegani hadi Saio, wakiimba. Nyumbani mke wangu akauliza tumeshinda ngapi kwa ngapi. Nikamwambia nimesahau.