Mdahalo Nilioshinda

Kila mwaka nikifika kwenye tamthilia ile ya zamani, ya vijana wawili wanaopendana siku chache halafu wanajiua, wanafunzi wangu huniuliza swali lile lile: mwalimu, hawa walipendana kweli au walipumbazika tu? Nawaambia waandike wanavyoona, mradi watoe hoja. Swali lenyewe nalichukia.

Sisi tulilifanyia mdahalo tukiwa kidato cha sita, hapa hapa Morogoro Mjini. Mwalimu wetu alijua fika kwamba mimi na kijana mmoja darasani, Mwislamu, mtoto wa Wahindi wenye duka la vitambaa, tuna jambo letu. Mapenzi ni kikohozi, shule nzima ilijua. Basi kwa uchokozi wake akamweka yule aseme ni upumbavu, mimi niseme ni mapenzi.

Yule kijana akasimama, akanyoosha shati. "Wale walikuwa na homa tu, na homa hushuka. Wangeishi mwaka mmoja wangeulizana, hivi wewe nilikupendea nini?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, mjinga mimi. Nikainuka nikamjibu kwamba anayekubali kukosana na kwao kwa ajili yako, huyo anakupenda, hahitaji kupimwa kwa mwaka. Upande wetu ukapewa ushindi. Yeye mwenyewe alinipigia makofi kuliko wote.

Nilikuwa na sababu ya kusema vile. Aliniahidi kwamba mitihani ikiisha, Jumamosi yake atapanda Matombo, kijijini kwetu milimani, kujitambulisha kwa mjomba wangu. Kwetu Uluguruni baba anakulea, lakini ndoa bila neno la mjomba hakuna. Na mjomba huyo nilikuwa nimeshamkatalia mchumba aliyeniletea, tena mbele ya watu, nikasema ninaye wangu.

Jumamosi ikafika. Sisi ni Wakatoliki, na mjomba, pamoja na hasira zake zote, akambeba jogoo kwapani akavuka mto hadi kijiji cha pili kumtafuta Mwislamu wa kuchinja, ili mgeni wangu asije akashindwa kula kwetu. Alirudi kalowa jasho. Bibi akapika wali wa nazi. Tukakaa tukisubiri mpaka wali ukapoa.

Ujumbe ukaingia kwenye simu: samahani, mvua, barabara haipitiki. Mvua gani? Maharage yetu yalikuwa yameanikwa uwanjani, jua linawaka. Nikapiga, simu imezimwa.

Mjomba akanawa mikono. Hakunisema hata kidogo, na heri angenisema.

"Haya tule," alisema. "Mgeni wako kala kwao."

Yule binti wa kwenye tamthilia angejiua. Mimi nilikula, tena nikaongeza mchuzi. Yule kijana nimeshamtupa zamani, ana mke na watoto, namwona dukani napita zangu. Ila kinachoniuma ni sahani ile. Kama nilimpenda kweli, njaa niliipata wapi?