Mtindo Nilioubuni Mwenyewe

Hili nalisimulia uso ukiwa bado unaniwaka kwa aibu. Nina kiduka cha kuchapa kadi na mabango hapa Mbinga mjini, na mwezi uliopita akina mama wa kwaya moja ya Lipingo, kijiji cha kando ya ziwa, waliniomba picha ya kuchapwa kwenye vitenge vyao vya sare.

Kuchora sijui. Nikakumbuka nyumba moja ya huko kwao, kuta zake zimepambwa samaki na maua kwa udongo mwekundu na mweupe. Niliwahi kuipiga picha tano kwa simu nikipita, bila kumwomba mtu ruhusa. Nikaziingiza kwenye programu ya akili mnemba ili ijifunze mtindo ule, nayo ikanitolea samaki wazuri ajabu. Ila kila mchoro ulikuja na mstari mweusi uliopinda katikati. Nikadhani ni pambo.

Siku ya kuwaonyesha, nilijisifu bila haya.

"Mtindo huu nimeubuni mwenyewe," nikasema. "Na mstari huu ni mto unaoingia ziwani."

Wakapiga vigelegele. Bibi mmoja akainuka kutoka nyuma, akaja kuuangalia mchoro kwa karibu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Huu si mto. Ni ufa wa ukuta wangu, ulipasuka wakati wa mvua."

Vigelegele vikakatika.

"Ungepiga hodi tu," akaniambia taratibu. "Ningekuchorea."