Mama wa Zamu

Naikumbuka shule ile ya Likoni, miaka ya themanini ikielekea kwisha, kama mtu akumbukavyo usingizi wa mchana. Bati lilikuwa likialika kwa joto, upepo ukifunua madaftari, na honi ya feri ikisikika kwa mbali. Katika joto hilo msichana mmoja wa darasa la sita alikuwa akilaza kichwa juu ya dawati na kulala. Asubuhi anachelewa, mchana analala. Nami nilikuwa mwalimu mgeni, na hasira zangu zilikuwa karibu.

Nilikuwa nimetoka kufundisha shule ya bweni huko bara. Kule mtoto akikosea unamwandikia mzazi barua, mzazi anakuja, mambo yanakwisha. Basi nikaandika barua: asirudi darasani bila mzazi.

Kesho yake alikuja na muuza mahamri, aliyeniambia kwa utulivu kuwa huyo ni mwanawe. Nikatazama faili. Mzazi alikuwa mfanyakazi wa hoteli, Shanzu, mbali ng'ambo ya pili ya mji. Nikawarudisha. Siku ya pili alikuja na mwanamke mwingine, naye akasema ni mwanawe. Siku ya tatu, bibi kizee. Nikaona nachezewa shere mbele ya darasa zima. Nikamwambia mtoto kwamba kama ni mama wa kukodi, basi asirudi kabisa.

Hakurudi. Wiki mbili nilitazama jua likitambaa juu ya dawati lake tupu, na mtihani wa muhula unakaribia. Nilianza kuogopa kwamba nimemfukuza mtoto wa watu shuleni. Alasiri moja nikaenda kwao, Timbwani.

Niliwakuta uani wanawake wote watatu wakichambua mchele, na msichana kando yao akimbembeleza mdogo wake. Walinieleza polepole, bila kunilaumu. Mama wa watoto hawa hulala huko huko Shanzu kazini, nyumbani huja siku moja kwa wiki. Akiomba ruhusa nyingine, kazi hana. Majirani hawa wamegawana siku zilizobaki za kuwaangalia watoto, na kila mmoja alikuja shuleni siku ya zamu yake. Alfajiri msichana humwogesha mdogo wake na kumlisha, ndipo aje shule. Niliona aibu sana, maana mimi mwenyewe nililelewa hivyo hivyo kule Chaani, Mombasa hii hii, na nyumba zilizonilisha sizikumbuki zote.

Nikawaomba radhi. Nikasema arudi kesho, na saa ya mapumziko nitamwachia chumba cha vitabu alale kidogo. Bibi kizee akaupepeta mchele kwenye ungo wake, kisha akanitazama.

"Twakushukuru, mwanangu. Na wewe zamu yako ni siku gani?"

Nikajibu Jumatano, hata sijui kwa nini.

Muhula ule shule ilifungwa Jumatano. Ripoti ya yule msichana ilikuwa na nafasi mbili za sahihi, ya mwalimu na ya mzazi. Nilitia zote mbili.