Nywele Zisizorudi

Mwaka wa tisini na mbili nilikichoka kichwa changu. Utosini paliwaka kama pamepakwa pilipili, nikajikuna kutwa nzima, na nywele zikaanza kung'oka na mizizi yake. Palibaki kipara laini, chenye kung'aa, na kila mwezi kilijiongezea eneo bila kuniomba ruhusa.

Kigali ya wakati ule haikuhitaji daktari. Mke wa dereva wa lori la Mombasa anayepukutika nywele alikuwa ameshapimwa na majirani wa mtaa wetu wa Niboye, na jibu walikuwa nalo: sida, yaani ukimwi. Nilikwenda kupima damu, nikaambiwa sina. Mume wangu nilimpa habari hiyo nikidhani atafurahi. Yeye mwenyewe hakutaka kupimwa, na alikuwa ameshahamia sebuleni na godoro lake.

"Mashine zao ziko zinadanganya," alisema. "Nywele ikirudi, na mimi nitarudi."

Basi nikaanza kuzitafuta nywele kama mtu aliyepoteza ng'ombe. Kwenye kituo cha afya walisema ni mapunye, nikameza vidonge mpaka tumbo likachafuka. Wifi yangu akanipaka samli, nikanuka wiki nzima. Jirani akaleta mafuta ya taa, nayo yakaniunguza. Vita vilikuwa kaskazini, barabarani vizuizi, kila safari ya hospitali ilinila siku nzima, na mimi nimefunga kitambaa hadi kwenye nyusi.

Mwishowe nikampata daktari wa ngozi, mzee aliyesomea Zaire. Aliinamia kichwa changu na kioo cha kukuzia, akapapasa, akaguna. Akanichoma ganzi, akakata kipande kidogo cha ngozi, si katikati ya kipara bali pembeni, penye wekundu, ambako bado paliwaka. Katikati, alisema, ugonjwa umeshamaliza kazi yake. Majibu yalipokuja alinieleza kwamba mwili wangu wenyewe unayashambulia mashina ya nywele, na ukishayamaliza unaacha kovu. Ugonjwa wenyewe hauambukizi. Nilitamani aje Niboye aliseme hilo kwa kipaza sauti.

Akaanza kunidunga sindano kuzunguka ukingo wa kipara. Akanikataza dawa ya kunyoosha nywele na kitana cha moto. Sindano za kichwani zinauma, asikudanganye mtu. Machozi yalinitoka na utu uzima wangu. Nilivumilia kwa sababu ya godoro lile la sebuleni.

Siku moja akaniuliza, "Ingali inawaka, mama?"

"Hapana, dokta. Wala sijikuni tena."

"Ni vizuri. Dawa imefanya kazi."

"Na nywele?"

Alivua miwani. "Zenye zimekufa haziwezi kurudia, mama. Dawa ni ya kuchunga zenye zimebakia."

Nilishuka basi kituo cha Sonatubes, nikaenda kwa miguu hadi nyumbani, nimechoka hata kulia. Mume wangu alikuwa amerudi safari, anakula. Nikavua kitambaa mbele yake, nikamwambia nimepona, na kwamba hivi nilivyo ndivyo nitakavyobaki. Alitazama utosi wangu, kisha akatazama sahani yake.

"Basi tungoje kidogo," alisema.

Nilizitoa nguo zake zote kabatini, nikampelekea hukohuko sebuleni, angojee vizuri.