Kitambaa cha Mwenzangu

Mama Chiriku aliingia kibarazani kwa Bi Hatupi bila hodi, na hilo peke yake lilitosha kumshtua fundi wa watu. Ilikuwa siku moja kabla ya sikukuu. Cherehani ilikuwa inakwenda mbio, na miguu ya Bi Hatupi ikasimama yenyewe juu ya pedali.

"Mama, kitambaa cha manjano kiko wapi?"

"Kipi tena, mwanangu?"

"Chenye mabata. Mtoto wangu kakuletea. Kiko wapi?"

Bi Hatupi alitabasamu, masikini, akidhani amekuja kusifia kazi. Akanyoosha kidole juu. Kutoka kwenye ukingo wa paa hadi msumari wa mlangoni kulikuwa na kamba iliyojaa vibendera vya pembetatu: vya shati la shule, vya pazia, vya gauni lililochanika kwapa. Katikati yake vilining'inia vya manjano, vimepindwa pindo vizuri, na kwenye kimoja bata aliyefifia amebaki kichwa tu.

Mama Chiriku alitazama. Hakupiga kelele wala hakulia. Alikaa chini sakafuni, kwenye vipande vya nguo.

"Umekikata," alisema.

Sasa, kabla hujamlaumu bibi wa watu, mjue kwanza. Mtu aliyewahi kumwona akitupa kitu ajitokeze hadharani. Jina la Bi Hatupi hakupewa na wazazi wake, alipewa na mtaa. Vifungo vya mashati yaliyokufa viko kwenye kopo. Uzi unaofumuliwa kwenye pindo unazungushwa kwenye kijiti. Vipande visivyofaa hata kiraka vinaingia kwenye fuko kubwa chini ya meza, na ukimuuliza vya nini, anakujibu, "Akiba haiozi." Wapo waliosema ana mkono wa birika. Hao hao ndio waliokuja kuomba kifungo.

Kamba ya sikukuu ilikuwa yake. Zamani mtaa ulikuwa unanunua maputo na karatasi za kung'aa. Kesho yake mtaro umeziba, na watoto ambao kwao hakukununuliwa kitu wamekaa vizingitini wanatazama ya wenzao. Bi Hatupi lilimchoma hilo. Akatangaza kwamba hakuna kununua. Kila mtoto alete kitambaa kilichochoka kutoka kwao, yeye atakikata vibendera, mtoto afunge kimoja kwa mkono wake, na vinavyobaki vijaze mapengo. Sikukuu ikiisha, kamba inakunjwa na kuhifadhiwa, mwakani inaongezwa. Na asubuhi ya sikukuu kila mtoto anasimama chini ya kibendera chake anapaza sauti, "Hiki changu!" Watu wazima wanaitikia kwa pamoja, "Tumekiona!" Basi. Ndiyo sherehe yenyewe, na walioicheka mwaka wa kwanza, mwaka wa pili walikuwa wanaitikia mpaka mishipa ya shingo inawatoka.

Sheria ilikuwa moja. Kuna mwaka mtoto mmoja alileta kitambaa, wenzake wakapiga kelele, "Hilo si dekio?" Mtoto yule aliondoka na dekio lake, na hakukanyaga tena pale. Tangu siku hiyo Bi Hatupi alikata shauri: kitambaa kikishafika mkononi mwake, hakiulizwi kilikotoka. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Yeye aliona kuuliza kunaweza kumvua mtoto nguo mbele za watu.

Kwa hiyo Chiriku alipokuja na vitambaa viwili, Bi Hatupi hakuuliza. Chiriku ni binti wa nyumba ya kona, wamehamia mwaka huu, na mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haujui kupumzika. Siku hiyo alisema maneno machache ajabu.

"Hiki changu, Bibi. Na hiki cha mwenzangu."

Mwenzangu. Watoto wana wenzao wengi. Bi Hatupi alidhani ni rafiki mwenye haya, akachukua mkasi.

"Mwenzake nani?" aliuliza sasa, na sauti yake mwenyewe aliisikia kwa mbali.

"Pacha wake," alisema Mama Chiriku kutoka pale sakafuni. "Alikuwa na pacha. Mvulana. Aliugua mwaka juzi, hakupona. Nilimfunika nacho tangu anazaliwa, mpaka mwisho alikuwa halali bila hicho. Nimekificha chini ya sanduku, mama yangu. Sijakifua. Nilikuwa sijakifua."

Bi Hatupi alikuwa amekifua. Alifua kila kitu kabla ya kukata, kwa sabuni, akakianika juani. Hilo hakulisema. Mkasi, ambao ulikuwa mkononi mwake tangu akiwa msichana, aliuweka mezani kana kwamba una sumu. Mtaa mzima haukujua! Walikuwa wakimwona yule mama anatoka na kurudi, salamu mbili tatu, mlango unafungwa, wakasema anaringa. Kumbe alihama alikokuwa ili apate mahali ambapo hakuna mtu wa kumwambia pole kila asubuhi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na huyu alikuwa ameubeba peke yake mbele ya macho ya watu wote.

"Mwanangu," alisema Bi Hatupi, "nimekukosea kosa ambalo sina pa kulipeleka. Lakini mimi situpi kitu. Unanisikia? Kiko chote."

Akalivuta fuko kutoka chini ya meza, akalimwaga. Wanawake wawili walipiga magoti wakachambua mabaki ya mtaa mzima, mchana kweupe. Kila kipande cha manjano kilipopatikana, hata chembamba kama kidole, Mama Chiriku alikiweka kwenye mapaja yake. Bi Hatupi alishusha vibendera, akafumua pindo, akavipanga mezani kufuata mabata: kichwa hiki kwa kiwiliwili hiki, mguu huu hapa.

"Kitapungua," alionya. "Kila mshono unakula kidogo. Sikudanganyi."

"Shona tu."

Alishona kwa mkono, kwa sababu cherehani aliiona ina haraka mno. Na pale kitambaa kilipokuwa karibu kuwa kitambaa, sindano ilisimama. Kulikuwa na pengo la pembetatu, karibu na pembe. Alipapasa chini ya meza, akakung'uta sketi yake, akalipindua fuko. Hakuna. Kisha akakumbuka, akajipiga paji la uso.

"Kile alichokifunga Chiriku mwenyewe!"

Kipande kimoja cha kamba, chenye vibendera walivyofunga watoto, kilikuwa kimeshapandishwa tangu asubuhi, kutoka nguzo ya taa mpaka kwa kinyozi. Walitoka mbio, mama yule amekumbatia kitambaa chake, bibi bado ana sindano mkononi. Kinyozi, ambaye kila mwaka ndiye mwenye ngazi na kila mwaka hulalamika, alikuwa mlangoni pake.

"Panda ukatoe kile cha manjano!" Bi Hatupi alimwamuru.

"Bi Hatupi leo unatoa? Basi dunia inaisha," alisema kinyozi, akicheka, na mguu kwenye ngazi. Alipoiona sura ya Mama Chiriku, kicheko kilimkauka.

Hajafika katikati, Chiriku akachomoka kutoka kwa wenzake akaikumbatia ngazi kwa mikono miwili.

"Usitoe! Usitoe!"

"Shuka, mtoto, utaniangusha."

"Bibi kasema kila mtoto alete chake! Kila mtoto! Na yeye ni mtoto!" Alikuwa analia mpaka kamasi. Akamgeukia mama yake. "Tulipohama ulisema hatusemi. Mimi sijasema. Nimeleta tu."

Mtaa uliganda. Mwenye ndoo alisimama na ndoo yake, mteja wa kinyozi alitoka na povu shavuni. Hakuna aliyeelewa mara moja, na walipoelewa hakuna aliyejua aangalie wapi. Bi Hatupi aliona aibu ya mtaa mzima imemwelemea yeye, maana sheria ni yake na mkasi ni wake. Kinyozi alibaki juu ya ngazi, mkono hewani.

Mama Chiriku alitazama juu. Vibendera viwili vilikuwa vimefungwa jirani jirani, cha waridi na cha manjano, kwa mafundo mabaya ya mtoto mdogo.

"Kiache," alisema. Akamwondoa binti yake kwenye ngazi, wakaenda kwao, na mlango ukafungwa kama siku zote.

Usiulize Bi Hatupi alilalaje. Asubuhi ya sikukuu watu walijaa chini ya kamba, lakini furaha ilikuwa ya woga. Watoto walipita mmoja mmoja. "Hiki changu!" "Tumekiona!" Nyumba ya kona ilikuwa kimya, na Bi Hatupi alishaanza kujiambia kwamba mwaka huu ameiua kamba yake mwenyewe, kwa mkono wake.

Ndipo mlango ukafunguka. Mama Chiriku alikuja amemshika mtoto mkono, na mabegani amejifunga kitambaa cha manjano kilichojaa mishono, pengo lake likiwa wazi. Watu wakawapisha. Chiriku akasimama chini ya cha waridi.

"Hiki changu!"

"Tumekiona!"

Akasogea hatua moja, chini ya cha manjano, akanyamaza. Chiriku, kunyamaza! Mtoto alimwangalia mama yake, kwa sababu mwenye kibendera hakuwepo wa kusema.

"Hiki chake," alisema Mama Chiriku. Sauti ilitoka ndogo, ikamkwama. Akajikaza, akainua uso, akapiga kelele kama mtoto: "Hiki chake! Cha mwanangu!"

Hakuna aliyejibu. Watu wazima wote wale na midomo yao! Kinyozi alikuwa anafuta macho kwa taulo la dukani. Bi Hatupi ndiye aliyetangulia, na sauti ilimpasuka vibaya katikati.

"Tumekiona, mwanangu. Tumekiona!"

Na mtaa ukaitikia.