Siku Zimamoto Ilipoingia Kariakoo

Jumatatu iliyopita, katika darasa letu la watu wazima, mwalimu aliandika neno la Kiingereza, panic: hofu inayoukumba umati ghafla. Akaomba mfano.

Nilikumbuka alasiri moja ya utotoni, nilipokuwa na mama Kariakoo. Gari la zimamoto liliingia sokoni, na mtu akapiga ukelele, "Mumiani! Wanyonya damu hao!" Watu wakatimka, mama akiwamo, wakikanyaga nyanya na samaki wa ng'onda. Mimi nilibaki, nikidhani ni mchezo.

"Wamekwenda wapi, mwanangu?" dereva aliniuliza.

"Wanakukimbia wewe."

Punde mama alirudi akitweta, amemshika mkono mtoto wa jirani, aliyemkamata akidhani ni mimi. Alipita ubavuni mwa gari lile lile alilolikimbia, akanichukua.

Darasani nilisimulia jinsi mama alivyokimbia. Kurudi kwake sikukutaja, maana hakukuwa mfano wa neno lile.