Divai Nyeupe Mezani kwa Mama Mkwe

Mume wangu alikuwa mhudumu wa hoteli ya watalii mjini Homa Bay, na huko ndiko alikofundishwa kuonja divai. Nyumbani alinifundisha mimi. Hatukuwa na friji, kwa hiyo chupa aliipoza ndani ya mtungi wa maji. Walimu wake walitaja matunda ambayo hatujawahi kuyaona, naye akatafuta maneno yake. Ile nyeupe aliyoipenda aliisifu hivi: "Pera bichi, ndimu, na jiwe lililonyeshewa mvua." Alisema hivyo jikoni kwetu tu. Mama yake ni Msabato, na kwake pombe haitajwi hata kwa utani.

Alipofariki, chupa moja ilibaki. Nilikaa nayo zaidi ya mwaka. Kisha, Jumapili moja, nikaitia kwenye kikapu pamoja na samaki wawili wabichi aina ya ngege na omena kidogo, wale dagaa wa ziwani, nikaenda Ndhiwa kwa mama mkwe. Nilitaka kumwambia ukweli, kwamba mwanawe alikuwa na jambo alilolijua vizuri na kulipenda.

Nikachoma ngege, nikakaanga omena, nikasonga ugali wa mtama. Mchana ulikuwa mweupe, hakuna hata jani lililotikisika. Nikafungua chupa, nikajimiminia kwenye glasi yenye mguu niliyokuja nayo.

"Mama, hii ni divai. Mwanao ndiye aliyeinunua."

Alinyoosha mkono wa kushoto, akaishika glasi kwa vidole viwili, chini kabisa kwenye mguu, akaizungusha polepole. Ndivyo mume wangu alivyoshika glasi. Alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, na mama huyuhuyu ndiye aliyemchapa utotoni ili auache mkono huo. Yeye mwenyewe sijawahi kumwona akishika hata kijiko kwa kushoto.

Akainusa. Akanywa funda moja, akalikalisha mdomoni.

"Pera bichi," akasema. "Ndimu. Na jiwe lililonyeshewa mvua."

Sauti ilikuwa yake, lakini ilitoka taratibu, kwa ule mtuo wa mtu anayefundisha. Kisha akaisogeza sahani ya omena mbali.

"Hizi zina uchungu, zitaiua divai. Ipe ngege. Usimtie mchuzi, kamulia ndimu tu."

"Mama," nikamwita, "nani amekufundisha haya?"

Akaniangalia kama mtu aliyeamshwa. Akaitazama glasi, akaiweka mezani haraka, hata divai ikamwagikia kitambaa.

"Hiki nimeshika nini?"

"Divai, Mama. Umeionja."

"Mimi? Mimi sinywi pombe, mwanangu. Unajua."

Alijifuta midomo kwa ncha ya leso, akainusa ile leso. Nikamweleza yote: hoteli, mtungi, maneno yale ya jikoni. Nilidhani atakasirika.

"Alipokuwa akinywa," akauliza, "alikuwa akicheka?"

"Sana, Mama."

Akatikisa kichwa kukubali, akanawa, akala kwa mkono wake wa kulia. Nami nikakamulia ndimu kwenye ngege, nikanywa. Ngozi ya samaki ilikuwa na moshi na chumvi, ile divai ikaisafisha, kila tonge likawa kama la kwanza. Vilipatana kabisa. Nilikula huku machozi yakinitiririka, na sikuthubutu kugeuka kutazama kiti alichozoea kukalia mume wangu, nyuma yangu.

Aliponisindikiza barabarani alinishika kiwiko.

"Usiniletee tena," akasema. "Si kwa ajili ya dhambi. Nilimsikia akipita kooni mwangu, nikatamani asiondoke."

Sijampelekea tena. Mara mojamoja mimi hununua chupa mjini, nachoma ngege, nakamua ndimu, naonja na kungoja. Huwa ni divai tu.